Tusipime viwanja vya gofu kwa umaarufu wake

Gofu ni mmoja katika michezo michache ambayo sheria zake hazimwambii mtu uwanja uwe na urefu gani, upana gani wala umbo gani. Uwanja wa tenisi ni ule ule, uwe Nairobi au London. Urefu wake ni futi 78, na mchezaji akisafiri huukuta kama alivyouacha kwao. Katika gofu, kitu kinachofanana kila mahali ni tundu lenyewe mpira unamotumbukia. Upana wake ni milimita 108, kipimo kilichowekwa na wakuu wa mchezo huko Uskoti mnamo 1891. Mengine yote hutofautiana: vilima, mabonde, miti, mchanga, upepo, na akili ya yule aliyeupanga uwanja. Ndiyo sababu katika mchezo huu uwanja huhukumiwa kama kitabu kinavyohukumiwa. Hujadiliwa, husifiwa, hupuuzwa, na mara nyingi huonewa.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa isimu anatafuta nini katika nyasi za matajiri. Sisi tunaosahihisha insha na mitihani tuna haki ya kupendezwa na mahali popote ambapo watu hutoa alama, kwani makosa ya kutoa alama ni yale yale kila mahali. Aidha, viwanja vya gofu vina jambo moja ambalo sijalikuta kwingineko kwa uwazi kiasi hicho. Kuna viwanja vilivyotengenezwa kwa kuchukua sehemu za viwanja viwili na kuziunga pamoja. Tutaviita viwanja vya mseto. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba mseto huo, ukitazamwa vizuri, hutufundisha kwa nini viwanja vingi vizuri havijapata sifa vinazostahili.

Tuanze na orodha. Mnamo 1966 jarida la Golf Digest la Marekani lilichapisha orodha ya viwanja 200 vilivyohesabiwa kuwa vigumu kuliko vingine nchini humo. Baadaye orodha hiyo ikageuzwa kuwa ya viwanja bora, na wakadiriaji siku hizi hutazama mambo mengi zaidi: uzuri wa mandhari, jinsi mashimo yanavyotofautiana, utunzaji wa nyasi, na kadhalika. Hata hivyo, mbegu iliyopandwa mwanzo ilikuwa ya ugumu, na mti haukusahau mbegu yake. Hadi leo, uwanja mrefu unaowatesa wachezaji huonekana kuwa wa maana kuliko ule mfupi unaowafikirisha. Kwa mantiki hiyo, mwalimu hodari kuliko wote ni yule anayewafelisha wanafunzi wengi.

Kisha kuna umaarufu unaojizaa wenyewe. Uwanja ulioandaa shindano kubwa huonekana katika televisheni. Ukionekana, wageni humiminika. Wageni wakimiminika, wakadiriaji nao huja. Wakija, hupata kile walichokwisha kuambiwa watakipata. Wahenga walisema chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Kwa viwanja vya gofu methali hiyo imepinduka. Kilichojitembeza ndicho kinachonunuliwa, na chema kinakaa kimya nyuma ya uzio wa michongoma kikichezwa na wanachama 40 Jumamosi asubuhi.

Basi uwanja upimwe kwa nini? Jibu zuri kuliko yote niliyoyasoma lilitolewa na daktari mmoja wa tiba, Alister MacKenzie, mzaliwa wa Yorkshire mwenye wazazi wa Kiskoti. Alikwenda Afrika Kusini wakati wa Vita vya Makaburu akiwa mpasuaji wa jeshi, na huko akastaajabia jinsi Makaburu walivyojua kujificha katika ardhi tupu hadi adui asiwaone. Aliporudi aliacha tiba kidogo kidogo na kuanza kupanga viwanja, na ile hila ya Makaburu akaitia katika mitego yake ya mchanga, ambayo huonekana kana kwamba iliumbwa pamoja na vilima. Mnamo 1920 alichapisha kitabu kidogo chenye kanuni 13 za uwanja mzuri. Kiini cha kanuni hizo ni kwamba kila shimo limpe mchezaji nafasi ya kuchagua. Mchezaji hodari atamaniwe na njia fupi yenye hatari, na mchezaji dhaifu apewe njia ndefu iliyo salama, ili wote wawili wafurahi, kila mmoja kwa kiasi cha uwezo wake.

Nitafafanua kwa wale wasioufahamu mchezo. Chukua shimo la yadi 380. Mwisho wake kuna grini, yaani kile kijiuwanja cha nyasi zilizonyolewa sana chenye tundu, na grini hiyo imeinamia kushoto. Upande wa kushoto wa njia kuna mtego wa mchanga. Mchezaji akipiga kulia, mbali na mtego, mpira wake wa kwanza utakuwa salama, lakini wa pili utaingia grini kwa upande mbaya na kuteleza hadi nje. Akipiga karibu na mtego atahatarisha mpira wa kwanza, ila wa pili utapokelewa na mwinamo wa grini kama mgeni anayekaribishwa ndani. Hakuna haja ya bwawa, wala msitu, wala yadi 500. Mtego mmoja na mwinamo mmoja vimeuliza swali gumu, na swali hilo hubadilika kila siku upepo unapobadilika. Hilo ndilo shimo jema, na mashimo ya namna hiyo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu aliyeitazama ardhi kabla ya kuichimba.

Tukikubali kipimo hicho, viwanja vingi vilivyodharauliwa vitasimama wima. Upo uwanja wa Rye, kusini mwa Uingereza, ambao mchezaji stadi hutarajiwa kuumaliza kwa mapigo 68, ilhali viwanja vya mashindano makubwa huwa na 70, 71 au 72. Pungufu ya mapigo machache inatosha kuwafanya wenye orodha wautazame kwa jicho la pembeni. Lakini wasomi wa Oxford na Cambridge waliomaliza masomo wamekuwa wakikutana huko kila Januari tangu 1920, katika baridi inayoumiza vidole, kwa sababu mashimo yake mafupi yana akili kuliko mashimo marefu ya kwingineko.

Hata hiyo idadi ya mashimo 18 tunayoiona kama aya ya msahafu ilipatikana kwa njia ya kawaida kabisa. Uwanja mkongwe wa St Andrews ulikuwa ukichezwa kwa mashimo 22. Mnamo 1764 mashimo manne ya kwanza yakaunganishwa kuwa mawili, nayo yalichezwa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, ikawa 18. Shindano la kwanza la Open mnamo 1860 lilichezwa Prestwick, uwanja uliokuwa na mashimo 12, yakazungukwa mara tatu kwa siku moja. Musselburgh, karibu na Edinburgh, uliandaa Open mara sita kati ya 1874 na 1889 ukiwa na mashimo tisa tu.

Nayataja hayo kwa makusudi, kwani humu nchini tunavyo viwanja vya mashimo tisa katika miji ya mashamba na makao makuu ya wilaya za zamani: Nyeri, Nanyuki, Kericho, Kakamega, Machakos. Mtu akivizungumzia huvitaja kwa sauti ya kuomba radhi, kana kwamba ni nusu ya kitu. Sifa zote huelekezwa Muthaiga na Karen, ambako shindano la Kenya Open, lililoanzishwa 1967, limezoeleka kuchezwa. Sisemi kwamba Muthaiga si uwanja mzuri, ni mzuri. Nasema kwamba mtu aliyezunguka mashimo tisa mara mbili, akianzia mahali tofauti mzunguko wa pili, akakuta lile shimo la asubuhi limekuwa shimo jingine kwa sababu ya pembe, jua na upepo, hakucheza nusu ya uwanja.

Sasa tuje kwenye mseto. Mfano ulio bora kuliko yote uko Australia, katika klabu ya Royal Melbourne iliyoanzishwa 1891. Mwishoni mwa 1926 MacKenzie alialikwa huko akapanga uwanja unaoitwa wa Magharibi, akisaidiwa na Alex Russell, mchezaji wa ridhaa aliyekuwa ametwaa ubingwa wa Australia miaka miwili kabla. MacKenzie akaondoka. Uwanja wa Magharibi ukafunguliwa 1931. Mwaka uliofuata ukafunguliwa wa Mashariki, uliopangwa na Russell mwenyewe. Kazi ya kuichonga ardhi na mitego yake iliongozwa na Mick Morcom, mtunza nyasi mkuu wa klabu, ambaye wajuzi wengi humhesabu kuwa fundi wa tatu wa mahali hapo, ingawa magazeti humsahau.

Viwanja hivyo viwili vina kasoro moja: baadhi ya mashimo yake yako ng'ambo ya barabara za umma. Kwa wanachama wanne wanaovuka na fimbo zao, hilo si neno. Lakini mnamo 1959 klabu ilipewa jukumu la kuandaa Canada Cup, shindano la mataifa, na haikuwezekana maelfu ya watazamaji wavushwe barabara mchana kutwa. Wakachukua mashimo 12 ya Magharibi na sita ya Mashariki, yote yakiwa ndani ya eneo moja lisilokatwa na barabara, wakayapanga upya kuwa mzunguko mmoja. Peter Thomson na Kel Nagle wakaishindia Australia kombe. Tangu hapo mseto huo ndio uliotumiwa katika mashindano makubwa yaliyofika Royal Melbourne, ikiwa ni pamoja na Presidents Cup ya 1998, 2011 na 2019. Ile ya 1998 ndiyo pekee ambayo Marekani imewahi kushindwa, kwa pointi 20½ dhidi ya 11½, na nahodha wa washindi alikuwa Peter Thomson yule yule.

Nataka tutazame vizuri jambo hili. Mseto wa Royal Melbourne haukuzaliwa kwa tamaa ya kukusanya yaliyo bora. Ulizaliwa na barabara. Na ulifaulu kwa sababu ardhi ni moja, mchanga ni ule ule, mitego ilichongwa chini ya jicho la fundi mmoja, na Russell alikuwa amejifunza kwa MacKenzie bega kwa bega. Mchezaji anapotoka shimo la Magharibi kuingia shimo la Mashariki haoni mshono.

Linganisha na ule mchezo wanaoupenda waandishi wa majarida, wa kuteua mashimo 18 bora ya dunia na kuyaita uwanja kamili. Shimo la baharini kutoka California, la mchangani kutoka Uskoti, la msituni kutoka Georgia. Huo si uwanja, ni kapu. Shimo hupata sehemu ya maana yake kutokana na lile lililotangulia na lile linalofuata, kama vile neno linavyopata maana yake ndani ya sentensi. Shimo fupi na jepesi baada ya mashimo matatu ya kutoa jasho ni pumziko na pia ni mtego, kwa maana mchezaji hulegeza mawazo hapo. Likate, ulipeleke kwingine, nalo litakuwa jepesi tu. Mwanafunzi aliyewahi kukariri misamiati migumu 50 na kuitia yote katika insha moja anaielewa hoja hii, na mwalimu wake zaidi.

Charles Blair Macdonald, Mmarekani aliyesoma St Andrews, alilijua hilo mapema. Alipojenga National Golf Links huko Long Island mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa amezunguka Uingereza na Uskoti akichunguza mashimo yanayosifika, kama lile la Redan la North Berwick na lile la Alps la Prestwick. Lakini hakuyanakili hivi hivi. Alichukua swali linaloulizwa na kila shimo, kisha akatafuta katika ardhi yake mahali palipoweza kuliuliza swali hilo hilo kwa lafudhi ya pale.

Ubora mwingine wa mseto ni kwamba huweza kuokoa kilichosahauliwa. The Country Club ya Brookline, Massachusetts, ni mojawapo ya klabu tano zilizounda shirikisho la gofu la Marekani mnamo 1894. Hapo ndipo 1913 kijana wa miaka 20, Francis Ouimet, aliyewahi kuwa kedi na ambaye nyumba yao ilitazamana na shimo la 17, aliwashinda Waingereza mashuhuri Harry Vardon na Ted Ray, huku fimbo zake zikibebwa na mtoto wa miaka 10. Mnamo 1927 klabu iliongeza mashimo tisa yanayoitwa Primrose, na US Open ya 1963, ya 1988 na ya 2022 zilichezwa kwa mseto wa uwanja wa zamani na baadhi ya mashimo hayo. Kwa miaka mingi lilikuwepo shimo dogo la takriban yadi 130 ambalo waandaaji wa US Open waliliona halifai kwa mabingwa. Halikutumiwa katika shindano hilo tangu siku za Ouimet. Mwaka 2022 likarudishwa likawa la 11. Siku ya tatu Scottie Scheffler, aliyekuwa wa kwanza duniani, alifika hapo akiwa anaongoza, akapiga mpira ukapita grini, na akaondoka amepoteza mapigo mawili. Shimo ambalo mwanamke wa makamo angeweza kulifikia kwa pigo moja lilimtikisa bingwa wa dunia, baada ya kukaa nje kwa miaka 109 kwa kosa la kuwa fupi.

Lakini mseto una upande wa pili, nao hausemwi sana. Uwanja wa Mashariki wa Royal Melbourne umebaki kuitwa ndugu mdogo wa ule wa Magharibi. Mtu akiusifu huambiwa kwamba sifa zake ni za yale mashimo sita yanayoazimwa. Kwa maneno mengine, kila uzuri wake umeandikwa katika daftari la mseto, na kila upungufu umeachiwa wenyewe. Yale mashimo 12 yanayobaki hayaonekani katika televisheni, hayapigwi picha, na mgeni anayefika huko huuliza kwanza kama anaweza kucheza mashimo ya mabingwa. Na kumbe wanachama, wanaoufahamu mahali pale kuliko sote, kwa kawaida hucheza viwanja viwili kama vilivyopangwa, barabara wakazivuka.

Kwa mtu wa lugha, hadithi hii si ngeni. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na kamati ya lugha ikaundwa 1930, sababu zilikuwa za kazi kama zile za barabara za Melbourne: shule za nchi nne zilihitaji vitabu vya aina moja. Sina ugomvi na uamuzi huo. Makala hii yenyewe imeandikwa kwa usanifu huo. Ubaya ulikuja baadaye, pale Kimvita na Kiamu, lahaja zilizobeba ushairi wa karne nyingi, zilipoanza kuhesabiwa na wanafunzi wetu kuwa Kiswahili chenye makosa. Chombo kilichotengenezwa kwa shughuli maalumu kikageuzwa mizani ya kupimia vile vilivyokitangulia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mseto ni halali pale ardhi inapokuwa moja na shida ni ya kweli, na unapaswa kusifiwa kwa jinsi ulivyoshonwa. Usitumiwe kuhukumu viwanja vilivyoukopesha mashimo. Uwanja wa Mashariki uhukumiwe kwa mashimo yake 18, kwa mpangilio wa Russell, kama vile shule ya kutwa ihukumiwe kwa wanafunzi wote waliobaki, wala si kwa wale watatu waliohamishiwa shule ya kitaifa.

Haya yana uzito hapa kwetu kuliko inavyodhaniwa. Klabu ya mashimo tisa ikisikia haya ya kuwa na mashimo tisa, wazo la kwanza la kamati huwa ni kutafuta mengine tisa. Uwanja kamili wa mashimo 18 humeza ekari mia moja na zaidi, na nyasi zake hunywa maji mwaka mzima, katika miji ambayo akina mama hupanga mitungi kwenye mfereji tangu alfajiri. Na mashimo yanayoongezwa kwa aibu, katika kipande chochote kilichopatikana, huwa ni yale mashimo yasiyouliza chochote: marefu, yamenyooka, na bwawa la kuchimbwa pembeni ili picha ipendeze. Kabla ya kamati kufika huko, ingefaa izunguke mashimo yake tisa jioni moja bila fimbo, ikiwa na kedi aliyelelewa uwanjani hapo, na imwulize ni mangapi humfanya mchezaji asimame kidogo kabla ya kuchagua fimbo. Akijibu kwamba ni saba, zile fedha za ekari zitumike kwa mbegu za nyasi na mchanga safi, na kumwongezea kedi huyo ujira wake.